Fidia, Diya na Kifuta Machozi: Maneno ya Haki ya Mfanyakazi Aliyedhuriwa na Sumu

Miongoni mwa maneno ambayo lugha yetu iliyapokea kutoka Kiarabu na kuyapa kazi mpya, neno fidia ni mojawapo ya yale yaliyosafiri mbali zaidi. Kwa asili yake fidia ni kitu kinachotolewa ili mtu akombolewe: mateka hufidiwa akarudi kwao. Katika dini ya Kiislamu neno hilo lina matumizi yanayojulikana hata na watoto wa chuoni, kwani mzee au mgonjwa asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia ya chakula kwa maskini. Msomaji na atazame jambo moja katika matumizi hayo yote mawili. Anayetoa ndiye anayefunguliwa, ama yeye mwenyewe ama mtu wake aliyefungwa. Anayepokea huenda hakudhuriwa kitu. Sheria za kazi zililigeuza neno hili uso wake. Humo anayepokea ndiye aliyeumia, na anayetoa ndiye aliyemtuma kazini.

Makala haya yanakusudia kuifuata safari hiyo kwa upande mmoja tu, yaani upande wa wafanyakazi waliodhuriwa na sumu, kuanzia risasi iliyochimbwa Mpanda hadi moshi anaouvuta askari wa zimamoto wa siku hizi. Tumeuchagua upande wa sumu kwa kuwa sumu ni adui wa kimya. Mguu uliokatwa na mashine hujieleza wenyewe mbele ya hakimu, lakini damu iliyoingiwa na madini haina la kusema mpaka ipewe jina.

Kabla ya fidia kulikuwa na diya. Diya ni mali inayolipwa kwa ajili ya damu ya mtu, na katika fikihi hulipwa hata na yule aliyeua bila kukusudia. Kwa hiyo yamkini mtu akauliza kwa nini neno la sheria za kazi halikuwa diya, ilhali kanuni kuu ya sheria hizo ni kwamba mfanyakazi hana haja ya kuthibitisha kuwa bwana wake alikosea. Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba diya inadai damu iliyomwagika na mkono uliomwaga. Sheria za kazi hazimtafuti mwenye mkono. Zinauliza tu kama madhara yalitokana na kazi. Fidia, kwa kuwa neno pana lisilo na harufu ya mauaji, ilifaa zaidi.

Kanuni hiyo ya kulipa bila kutafuta kosa si ya zamani sana. Ujerumani iliitia katika sheria ya bima ya ajali mwaka 1884, na Uingereza ikafuata mwaka 1897. Kabla ya hapo kibarua aliyeumia alipaswa kumshitaki mwajiri na kuonyesha uzembe wake, jambo ambalo wachache waliliweza. Lakini sheria hizo za kwanza zilijua ajali tu. Mtu aliyeangukiwa na boriti alilipwa. Aliyefanya kazi ya rangi zenye risasi kwa miaka kumi mpaka viganja vikalegea hakulipwa, maana hapakuwa na siku ya kuandikwa kuwa ndiyo siku ya ajali. Ilipofika mwaka 1906 Uingereza iliongeza baadhi ya magonjwa, nayo Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mjini Geneva, mwaka 1925, Mkataba Namba 18 juu ya fidia ya magonjwa yatokanayo na kazi. Orodha ya mkataba huo ilikuwa fupi kabisa. Ilitaja mambo matatu: sumu ya risasi, sumu ya zebaki, na kimeta.

Hapa mpenzi wa lugha hana budi kusimama kidogo. Risasi, zebaki, kimeta: yote matatu yana majina ya Kiswahili. Hakuna hata moja lililohitaji kamati ya istilahi. Wafugaji walikijua kimeta kabla ya madaktari wa serikali kufika, na zebaki na risasi zilikuja na biashara ya bahari. Mara nyingi tunasikia malalamiko kwamba lugha yetu haina maneno ya kueleza mambo ya viwanda. Lakini mlango wa kwanza wa haki hii ulipofunguliwa duniani, maneno ya kuupitia tulikuwa nayo tayari. Kilichokosekana ni sheria kuandikwa katika lugha ya maneno hayo.

Sasa twende Mpanda. Tawi la reli litokalo Kaliua kwenda Mpanda, lenye urefu wa kilometa 210 hivi, lilifunguliwa mwaka 1950, na sababu yake kubwa ilikuwa mgodi wa risasi wa Mukwamba uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Uruwira Minerals. Pamoja na risasi, jiwe la huko lilikuwa na fedha, dhahabu na shaba. Mji wa Mpanda kama tuujuavyo ulikua kwa sababu ya mgodi na reli hiyo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki ikichukua abiria na mazao.

Katika ule Mkataba wa 1925, kila sumu imeandikiwa kazi zinazohusika nayo. Kazi ya kwanza kabisa kutajwa chini ya risasi ni kushughulika na mawe ya madini yenye risasi. Kwa maneno mengine, kazi ya Mukwamba haikuwa imejificha pembeni mwa orodha. Ilikuwa ndio mstari wake wa kwanza, robo karne kabla ya gari la moshi la kwanza kuingia Mpanda.

Na hapa ndipo neno letu zuri linapotutega. Risasi kwa Kiswahili ni madini, na risasi ni ile itokayo katika bunduki. Mwambie mtu wa Sibwesa, kata iliyokuwa katika Wilaya ya Mpanda na leo imo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, kwamba babu wa fulani alikufa kwa risasi. Hatafikiri habari za mgodi. Atauliza nani aliyempiga. Hata ukisema sumu ya risasi, huenda akadhani risasi iliyopakwa sumu, kama mshale wa mwindaji. Neno moja limebeba madini na silaha, na silaha, kwa kuwa ina kelele, imeyafunika madini. Wanakemia wamejaribu kulikwepa tatizo hili kwa kutumia umbo la Kilatini, plumbi, na fundi mwashi anayo timazi yake. Lakini plumbi ni neno la darasani, halijafika machimboni. Mimi naona heri tuseme kwa urefu, sumu ya madini ya risasi, kila mara haki ya mtu inapohusika, na tusione taabu kwa neno la ziada.

Maana madini hayo hayaui kama silaha. Huingia kwa vumbi, kwa pumzi na kwa mkono usionawa unaokula ugali. Huleta maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, na pengine kulegea kwa misuli ya mkono hata kiganja kikaning'inia. Sehemu kubwa hujificha katika mifupa, na huweza kukaa humo kwa miaka mingi. Mchimbaji aliyeingiwa na madini hayo akarudi kwao mwaka 1960 alikwenda nayo ndani ya mwili, wakati kampuni ilikwisha funga vitabu vyake.

Tanganyika ilikuwa na sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, ile ijulikanayo kama Sura ya 263. Chini yake mwajiri mwenyewe, au bima yake, ndiye aliyelipa. Ni dhahiri kwamba utaratibu huo unamfaa mtu anayeumia leo na kudai kesho. Haumfai anayeugua baada ya miaka ishirini, mwajiri akiwa hayupo tena. Tena malipo yenyewe yaliwekewa kikomo cha shilingi, na shilingi ilipopungua thamani kikomo kilibaki palepale. Hata karne hii ilipoanza, malipo ya juu kabisa kwa aliyepata ulemavu wa kudumu yalikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Kiasi hicho kilikuja kuwa pungufu ya mshahara wa mwezi mmoja wa mtumishi wa chini. Kukiita fidia ilikuwa ni kulidhulumu neno.

Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2008, Namba 20 ya mwaka huo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwezi Julai 2015. Katika jina hilo nataka kulisifu neno dogo kabisa, yaani kwa. Lau ungeitwa Mfuko wa Fidia ya Wafanyakazi, mtu angeweza kudhani kuwa wafanyakazi ndio watoao, kama mwenye kukosa saumu. Kwa inaonyesha mwelekeo. Na ndivyo ulivyo mpango wenyewe, kwani michango hutolewa na waajiri, si na wafanyakazi. Badala ya kumtegemea mwajiri mmoja aliye hai, kuna chungu kimoja cha waajiri wote. Aliyeshindwa kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato yake kwa kipindi kisichozidi miezi 24, na aliyepata ulemavu mkubwa wa kudumu hulipwa kila mwezi, wala si mara moja tu. Tofauti hii ya malipo ya mkupuo na malipo ya mwezi ni kubwa kuliko inavyoonekana katika kamusi.

Hata hivyo sheria hii inamjua mwajiriwa. Katika mikoa yenye dhahabu, na Katavi ni mmojawapo, wapo watu wengi wanaoshika sumu bila kuwa waajiriwa wa mtu. Mchimbaji mdogo anayeshuka katika duara hulipwa kwa mgao wa viroba vya mawe. Mawe husagwa kwa karasha, huoshwa kwenye mwalo, kisha zebaki, ambayo wengi huiita mekyuri, hutiwa ili ishike chembe za dhahabu, na mwisho huchomwa motoni ipae. Inayopaa huvutwa na aliye karibu, na pengine aliye karibu ni mama mwenye mtoto mgongoni. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulitiwa saini Japani mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unataka matumizi hayo yapunguzwe, lakini haumpi mvuta moshi fidia. Zebaki ilikuwa ya pili katika ile orodha ya 1925. Baada ya karne moja, anayeishika kwa mkono mtupu amebaki nje ya orodha kwa sababu ya neno mwajiriwa.

Nimesema kwamba sheria za mwanzo zilijua ajali tu. Lugha yetu nayo ina mwelekeo huohuo. Aliyeumia tunamwita majeruhi, na katika majeruhi mna jeraha. Aliyekufa kwa balaa tunamwita mhanga, na mhanga ni wa kafara. Mwathirika ni neno jipya kidogo, limetumika mno katika habari za maradhi hata likapata unyanyapaa. Yote haya yanangoja tukio. Tunalihitaji jina la mtu aliyedhuriwa polepole, naye hana jeraha la kuonyesha. Kutokana na kitenzi dhurika tungeweza kupata mdhurika kwa kanuni ileile iliyotoa mwathirika kutoka athirika. Sidhani kama linatisha sikio.

Mfano ulio wazi zaidi wa mdhurika katika zama zetu ni askari wa zimamoto. Jina lake ni kitenzi na nomino vilivyogandana, zima na moto, mtindo mzuri wa Kibantu. Mitaani bado watu husema gari la faya. Historia ya jina hili ina kisa cha ajabu. Wakati wa ukoloni, katika Nairobi, Kampala na miji mingine ya Afrika ya Mashariki, wazimamoto waliogopwa kuwa ni watu wanaokamata raia usiku na kuwanyonya damu. Pwani jina lilikuwa mumiani, na Tanganyika wengine walisema chinjachinja. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyatolea kitabu mwaka 2000. Akina babu walitazama gari jekundu na ndoo, wakatia shaka ya damu. Shaka yao haikuwa na ukweli, lakini damu imerudi katika habari hii kwa mlango mwingine, kwani leo damu inayopaswa kupimwa ni ya mzimamoto mwenyewe.

Moto wa sasa si moto wa kuni. Vitanda, mapazia, nyaya, rangi na viti vya nyumba za mijini vina plastiki nyingi, na moshi wake ni mchanganyiko wa sumu kadha wa kadha. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, waliosimama mbele ya moshi walikuwa wazimamoto. Na nani angeweza kuwaambia wamevuta nini? Kisha kuna povu la kuzimia moto wa mafuta. Kwa miaka mingi povu hilo lilitengenezwa kwa kemikali za jamii ya florini ambazo haziozi upesi, si katika udongo wala katika mwili. Mbili kati yake ziliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, moja mwaka 2009 na nyingine mwaka 2019. Waandishi wa magazeti wamezoea kuziita kemikali za milele. Jina hilo lina nguvu, lakini milele ni neno la Mungu, na katika istilahi tungefanya vyema kutumia sugu, kama tunavyosema ugonjwa sugu na usugu wa vimelea. Kemikali sugu ni fupi na haidai zaidi ya inachojua.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani, hasa kwa ushahidi wa saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaozunguka mapafu. Hapo awali, mwaka 2007, lilikuwa limesema tu kwamba yawezekana. Jambo la kuangaliwa na watu wa lugha ni kwamba lililotiwa katika orodha ni kazi yenyewe. Mzimamoto hakulazimishwa kutaja sumu moja kati ya mamia. Aliposema kazi yake, alikwisha taja sumu zake.

Baadhi ya nchi zimelifikisha jambo hilo katika sheria. California tangu mwaka 1982, na jimbo la Manitoba nchini Kanada tangu mwaka 2002, husema hivi kwa ufupi: mzimamoto akipata saratani ya namna fulani, sheria itachukulia kuwa imetokana na kazi mpaka anayepinga athibitishe vingine. Mzigo wa ushahidi unahama kutoka bega la mgonjwa. Katika lugha ya mahakama zetu jambo la namna hii huitwa dhana, kama katika dhana ya kutokuwa na hatia. Kwa bahati mbaya dhana hiyohiyo ni wazo, na kudhania ni kukisia. Mgonjwa akiambiwa kuwa fidia yake imetolewa kwa dhana, aweza kufikiri kuwa amehurumiwa au ametiliwa shaka. Napendekeza tuseme dhana ya sheria, kwa ukamilifu, hata kama wanasheria wataona maneno mawili ni mengi.

Maana huruma ni jambo jingine, nalo lina maneno yake. Mwananchi wa Katavi, mkoa wenye Hifadhi ya Taifa iitwayo kwa jina hilohilo, anayajua vizuri. Tembo wakila mahindi, mkulima hupewa kifuta jasho. Mnyama akiua mtu, jamaa hupewa kifuta machozi. Kanuni za malipo hayo zilitungwa mwaka 2011, na kwa makusudi hazikuyaita fidia. Serikali haikubali kuwa inadaiwa. Inafuta jasho, inafuta machozi. Ni maneno ya kupendeza, yenye picha ndani yake, na mshairi yeyote angeona fahari kuyatunga. Lakini ni maneno ya mwenye kutoa, si ya mwenye kudai. Hakuna anayekwenda mahakamani kudai kifuta machozi pungufu.

Hatari ni kwamba watu huchanganya. Mkulima wa Sibwesa aliyewahi kupokea kifuta jasho cha shamba, mwanawe akiajiriwa mgodini au katika zimamoto na akaugua, atakwenda ofisini na tabia aliyojifunza: kushukuru kwa kitakachotolewa. Ataweka kundi moja kifuta machozi, rambirambi ya mwajiri, mkono wa pole wa wafanyakazi wenziwe, kiinua mgongo na fidia, kana kwamba yote ni mikono mbalimbali ya wema mmoja. Mwajiri mwerevu aweza kumpa rambirambi na kumwacha aamini kuwa amelipwa fidia. Lugha haikumdhulumu mtu huyu, ila haikumwonya.

Kwa muda mrefu onyo lisingeweza kutoka katika sheria yenyewe, kwa kuwa sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 limekuwa likitoa orodha za tafsiri sanifu kwa ofisi na viwanda. Lakini neno sanifu lililoko kijitabuni halina nguvu ya neno lililoko katika kifungu. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kazi ya kutafsiri sheria za zamani ni kubwa, na orodha za magonjwa yatokanayo na kazi ni mahali pagumu kuliko pengi, kwa maana humo kosa la mfasiri huweza kuufuta ugonjwa wa mtu.

Neno ambalo limenisumbua zaidi katika kuandaa makala haya halimo katika yale niliyokwisha yataja. Ni lile la hali ya mtu kuwa mahali ambapo sumu inamfikia, siku baada ya siku, kabla hajaugua. Wengine husema kukabiliwa na kemikali. Lakini kukabiliana ni kutazamana uso kwa uso, na sumu haina uso. Wengine husema kuathiriwa, nako ni kuruka hatua, kwa kuwa wapo waliofikiwa na sumu wasiathirike. Mimi naona kitenzi fikiwa kinatosha, na nomino yake iwe mfikio: mfikio wa vumbi, mfikio wa moshi, mfikio wa zebaki. Fomu yoyote iliyotungwa kwa ajili ya ajali huuliza tarehe na saa ya tukio. Penye ugonjwa wa sumu iulize muda wa mfikio, tangu mwaka gani hadi mwaka gani, na iache nafasi ya kutosha kwa mtu kuandika mahali pote alipofanya kazi, hata kama kampuni zake zilikwisha fungwa.